Mgonjwa wa Avignon

Nkirote alikuwa na miaka hamsini na saba, na katika miaka ishirini na miwili aliyoishi Minnesota alikuwa amechukua likizo ndefu mara tisa. Zote tisa alikwenda kuzika. Alimzika baba, akamzika mama, akamzika mume aliyekuwa amerudi Meru kufuatilia kesi ya mpaka wa shamba, kisha wakafuata ndugu na mashemeji kwa zamu. Kila mara msimamizi wake katika hospitali moja ya Maplewood alimpa fomu ileile na kumwambia pole. Ilifika mahali msimamizi akimwona tu anakuja na fomu, pole inatangulia kabla fomu haijasomwa.

Basi mwaka huu, mwezi wa pili, Nkirote alipeleka fomu, akapewa pole yake, akasema asante lakini hakuna aliyekufa. Alikuwa anakwenda Ufaransa, mji unaoitwa Avignon, siku sita, mwishoni mwa mwezi wa nne. Msimamizi alisoma fomu mara mbili, akatia sahihi. Wazungu kwa mambo hayo hawana neno. Neno lilikuwa kwa watu wake mwenyewe.

Mji huo aliuona kwenye televisheni, chumbani kwa mgonjwa, siku moja alipokuwa akibadilisha shuka. Palikuwa na mto mpana, na daraja la mawe lililoanza vizuri, likaenda matao manne, kisha likaishia katikati ya maji. Zamani lilikuwa na matao ishirini na mawili. Mafuriko yakawa yanalibomoa, watu wanalijenga, yanalibomoa tena, mpaka wenye mji wakachoka wakaliacha. Sasa watu wanatoka kila pembe ya dunia, wanalipanda hadi lilipokatikia, wanasimama, wanatazama maji, wanarudi. Nkirote alikaa na shuka mkononi mpaka kipindi kikaisha. Alitaka kusimama pale mwisho. Hakujua kwa nini alitaka, na jambo hilo lilimfurahisha sana, maana kila kitu kingine maishani mwake alikuwa amekifanya kwa sababu.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa Wairimu, Mama Ian, rafiki yake wa miaka kumi na mitano, nesi katika nyumba ya wazee. Walikuwa jikoni kwa Nkirote, Champlin, wanakata sukumawiki.

"Unaenda kwa nani?" Wairimu aliuliza.

"Siendi kwa mtu."

"Nani atakupokea?"

"Hoteli."

"Hoteli si mtu, Mama Makena. Na utafanya nini huko siku sita?"

"Kuna jumba kubwa la mawe. Mapapa saba waliishi humo."

Wairimu aliweka kisu chini. Wote wawili walikuwa watu wa kanisa la Kiswahili la pale karibu, na kanisa hilo halikuwa na uhusiano wowote na Papa. "Sasa umekuwa Mkatoliki?"

"Papa mwenyewe hayuko. Walihama miaka mia sita iliyopita."

"Kwa hivyo unamtembelea mtu aliyehama."

"Na kuna daraja. Limevunjika."

"Lini?"

"Zamani sana."

"Na hawajalitengeneza?"

"Hapana."

Wairimu alirudia sukumawiki yake. "Kwetu Murang'a kuna daraja kama hilo," alisema. "Na hatulipi tiketi."

Msimlaumu Wairimu. Watu wetu hawaendi mahali, wanakwenda kwa mtu. Ukisikia mtu anakwenda Dallas, jua Dallas kuna binamu. Akienda Seattle, kuna mtoto wa shangazi amejifungua. Kusafiri kwenda usikojulikana na mtu, ukatazame kitu kisichokujua wala kukuuliza habari za nyumbani, hilo mtu atalifanya akiwa na sababu anayoificha. Nkirote aliwaeleza watu wanane, na wanane hao walimsikiliza vizuri, kisha kila mmoja akauliza anakwenda kwa nani. Makena, bintiye aliyeajiriwa kule Eden Prairie, naye aliulizwa, akajibu kwa Kiingereza kwamba mama anakwenda kutazama mji tu. Hakuna aliyemwamini, kwa sababu watoto wa huku huwa hawaambiwi kitu.

Nkirote akaacha kueleza, akaanza kujitayarisha. Alikuwa amesoma kwamba mji wote ni mawe na ngazi, na magoti yake hayakuwa ya mtu wa mawe na ngazi. Kila saa ya chakula akawa anapanda ngazi za hospitali kutoka chini hadi juu, anashuka, anapanda tena. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa amepungua kilo sita, sketi zinamzunguka kiunoni. Siku moja Chepkemoi, nesi wa wodi ya moyo na mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani, alimkuta ameegemea ukuta kwenye ngazi, jasho linamtoka, mkono kifuani.

"Uko sawa, Mama?"

"Niko sawa. Najizoeza safari."

Chepkemoi alimtazama vidole, akamtazama midomo, akamtazama vifundo vya miguu. Alikwenda zake.

Jambo la pili lilikuwa ile karatasi. Nkirote alitaka kupanga safari yake vizuri, lakini miaka ishirini na miwili hospitalini ilikuwa imemfundisha kuandika kwa namna moja tu. Alichukua karatasi ya kazini, ile ya mpango wa kumtunza mgonjwa, akaigeuza nyuma, akaandika hivi:

Siku ya 1. Kufika. Kulala, miguu juu ya mto.
Siku ya 2. Saa tatu asubuhi, daraja. Kwenda polepole hadi mwisho. Kukaa hapo.
Siku ya 3. Jumba la Mapapa. Ngazi nyingi: kupumzika mara mbili, maji kila saa. Dawa ya goti baada ya chakula.
Siku ya 4. Basi hadi Pont du Gard, daraja la Warumi la kupitisha maji. Dakika arobaini. Kuangalia miguu kama imevimba.
Siku ya 5. Basi tena, Fontaine de Vaucluse, mto unaotoka chini ya jabali. Chakula laini.
Siku ya 6. Hakuna mpango. Kukaa kimya.
Makena asipigiwe simu ila kukiwa na dharura.

Aliisoma, akaridhika, akaitia ndani ya kitabu cha nyimbo. Jumapili iliyofuata Wairimu aliazima kitabu. Kitabu kilirudi, karatasi haikurudi. Nkirote alidhani imeanguka, akaandika nyingine.

Ajabu ni kwamba tangu hapo watu walibadilika. Hakuna aliyeuliza tena anakwenda kwa nani. "Nenda, Mama," walimwambia mlangoni mwa kanisa, wakimshika mkono kwa mikono miwili. "Ni vizuri kwenda mapema." Kazini, Chepkemoi alimtuma mtu amsaidie kuinua wagonjwa wazito. Mtu alimletea uji wa wimbi kwenye chupa, na kesho yake mwingine akaleta supu ya mifupa. Nkirote alikunywa uji akanywa na supu. Alijiambia kwamba watu wake, ukiwapa muda, wanaelewa. Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa, na wiki hizo tatu alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko alivyowahi kuwa tangu avuke bahari.

Jumamosi, zikiwa zimebaki siku tano aondoke, alitoka dukani mchana akakuta magari kumi na moja yameegeshwa mbele ya nyumba yake. Jirani ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama na ufagio, akamwinulia mkono kwa huruma. Magari kumi na moja mbele ya nyumba ya Mkenya yana maana moja. Nkirote aliliegesha gari lake vibaya, akaanza kuhesabu kichwani ni nani amebaki Meru ambaye hajafa.

Ndani, zulia lilikuwa limejaa viatu na sebule imejaa watu. Wairimu alikuwa na ufunguo wa nyumba, ndiye aliyefungua. Walikuwa wanaimba wimbo wa taratibu, ule unaoimbwa jeneza likisubiriwa. Walipomwona waliacha kuimba.

"Nani?" Nkirote aliuliza. "Niambieni tu. Ni nani?"

Waliangaliana. Wairimu akamshika bega, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe kama mgeni.

"Ni wewe," alisema.

Mzee Byamungu, Mkongomani wa Bukavu na mzee wa kanisa, aliomba sala ndefu. Aliombea madaktari wa Ufaransa, akaombea mashine zao, akaombea na umeme wa mashine. Alipomaliza akasema, "Mama, usiogope. Mimi nilisomaka Kifaransa. Avignon iko ville, mji ya zamani, na France iko na mahospitali ya nguvu. Na kule Papa alikaa, pale watu wanaendaka kuomba. Umechagua vizuri."

"Hospitali gani?" Nkirote aliuliza.

Chepkemoi akapiga magoti mbele yake. Mkononi alikuwa na ile karatasi iliyopotea. "Mama, sisi hapa karibu wote ni manesi. Utamficha nani? Umepungua. Unahema. Una mpango wa matunzo wa siku sita na binti yako asipigiwe simu. Siku ya pili wanakutembeza polepole wakupime, siku ya tatu unapewa dawa, siku ya nne wanaangalia uvimbe, siku ya tano unakula chakula laini." Sauti yake ilikatika. "Siku ya sita hakuna mpango."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema mtu kutoka nyuma, na watu wawili wakapenga kamasi.

Mfuko wa dukani ulikuwa bado mapajani mwa Nkirote. Ulipinduka, zikadondoka soksi za kubana miguu alizonunua kwa ajili ya ndege. Hapo mama mmoja alilia kwa sauti.

Nkirote alielewa sasa. Na hapa nitasema ukweli wake wote, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuuficha baadaye: alifikiria kunyamaza. Mtu anayekwenda kutazama daraja bovu ni mpumbavu au mwenye siri, lakini mgonjwa ana ruhusa ya kwenda popote. Wangempeleka uwanja wa ndege kwa magari kumi na moja. Wangemwombea siku zote sita. Na angerudi amepona, kanisa lingepata ushuhuda, kila mtu angefaidika. Hakuhitaji hata kusema uongo. Ilitosha kuinamisha kichwa.

Aliinamisha kichwa. "Asanteni," alisema.

"Na hauendi peke yako," Wairimu akasema. "Nimechukua livu. Tiketi Francis amekata jana, tutakaa viti vya karibu. Nitakupima presha asubuhi na jioni."

Chumba kikapiga makofi. Nkirote hakupiga. Francis, mume wa Wairimu, hakuwa mtu wa kukata tiketi ovyo, lakini si hilo lililomgusa. Alijua siku hizo za livu ni zipi. Mama yake Wairimu, kule Murang'a, alikuwa na miaka tisini na mmoja, na Wairimu kwa miaka mitatu alikuwa amekataa likizo, anaziweka siku zake akiba. Sote huku tunaweka siku za namna hiyo. Hatusemi ni za nini. Tunamwambia msimamizi kwamba tutazitumia baadaye, na kila simu ikilia saa isiyo yake tunajua huenda baadaye imefika. Siku hizo ndizo Wairimu alizozitoa.

"Wairimu," Nkirote alisema, "rudisha tiketi. Mimi siumwi."

"Hiyo ni kawaida," Chepkemoi akawaeleza wengine kwa upole. "Mgonjwa huanza kwa kukataa."

"Sijakataa. Siumwi! Lete kipimo."

Vipimo vya presha vilitoka kwenye mikoba minne. Chepkemoi akamfunga mkono, chumba kikatulia, mashine ikanguruma ikanyamaza. Mia moja kumi na nane kwa sabini na sita. Wakapima mkono wa pili, ikawa vilevile. Ilikuwa presha nzuri kuliko ya mtu yeyote aliyekuwa mle ndani, na haikumfurahisha mtu.

"Kama huumwi," yule mama aliyelia aliuliza, na sauti yake sasa ilikuwa na ukali kidogo, "unaenda huko kufanya nini?"

"Kutazama daraja."

"Halafu?"

"Halafu nitazame jumba. Halafu nipande basi nikatazame daraja lingine."

"Na huko una nani?"

Ni swali hilo lililomwinua kitini. Nkirote hakuwa mtu wa kupaza sauti. Wagonjwa wake walimpenda kwa sababu hiyo. Lakini siku hiyo sauti ilitoka, na jirani mwenye ufagio bila shaka aliisikia.

"Sina mtu! Ndiyo sababu naenda! Mara tisa nimepanda ndege na nguo nyeusi kwenye begi. Mara tisa! Nikishuka Nairobi napelekwa mochari kabla sijanawa uso. Nyumbani kwetu mimi sikujui kukiwa hakuna hema la matanga. Nataka kwenda mahali ambapo sina mtu wa kuzika. Mahali ambapo wakifa wote, Mungu awarehemu, hakuna atakayenipigia simu. Nimechoka kuzika. Nataka kutazama maji siku moja, nikiwa sijaitwa na mtu."

Aliketi. Alikuwa anahema kweli sasa, na hakuna aliyempima.

Watu waliondoka kwa adabu, lakini waliondoka. Kumwombea mtu mgonjwa ambaye si mgonjwa ni fedheha, na fedheha lazima impate mtu, wakaona afadhali impate yeye. Chepkemoi alikunja kipimo chake bila kumtazama. Mtu mmoja, sitamtaja, alirudi kuchukua sufuria yake ya pilau, na sufuria haikuwa tupu. Mzee Byamungu alikuwa wa mwisho mlangoni. Alivaa viatu taratibu, kimoja kwanza, kisha cha pili.

"Mama," alisema, "ukikosa Kifaransa, sema tu merci, ni asante yao. Inatosha."

Wairimu peke yake alibaki. Alikusanya vikombe, akavipeleka jikoni, akafungulia maji. Nkirote akamfuata na kitambaa cha kukaushia. Vikombe saba vilioshwa na kukaushwa.

"Pole," Nkirote alisema. "Nilitaka kunyamaza. Nilikaribia."

"Nilikuona." Wairimu alikuwa amempa mgongo. "Na mimi nina langu. Nilipoambiwa unaumwa, nililia sana. Halafu nikanawa uso, na Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuangalia hali ya hewa ya Avignon."

"Ilikuwaje?"

"Jua. Digrii ishirini." Alikisugua kikombe kilichokuwa safi tayari. "Nikanunua kofia. Mama Makena, wewe unakufa, na mimi niko dukani najipima kofia kwenye kioo. Nilifurahi. Tangu nije nchi hii sijawahi kupewa likizo nikafurahi."

Nkirote aliweka kikombe rafuni. Alijua linalofuata ni swali, akalisikia kabla halijasemwa, na alimpenda Wairimu kuliko dada zake.

"Sasa kwa vile huumwi," Wairimu akasema, "si tungeenda tu wote? Sitakupima presha."

"Hapana."

"Sitaongea."

"Utaongea, Wairimu."

"Nitaongea kidogo."

"Hapana, dada. Naenda peke yangu."

Maji yaliendelea kumwagika kwenye sinki. Wairimu aliyafunga. Hakulia, lakini Nkirote aliumia kuliko alivyoumia sebuleni, maana wale wengine walikuwa wamekasirika na huyu alikuwa ameomba. Hata hivyo hakuyabadilisha maneno yake. Alisimama pale na kitambaa chake.

Wairimu alipangusa mikono kwenye sketi, akatoa simu, akampigia mumewe. Aliiweka sikioni akiangalia dirishani, kwenye uwanja ambako theluji ya mwisho ilikuwa imebaki kidogo chini ya ua.

"Francis. Ile tiketi, uliza kama wanaweza kubadilisha... Hapana, huyu hajambo. Hana ugonjwa... Ndiyo, nina hakika, tumempima... Sirudishi livu. Nataka ya Nairobi. Alhamisi hiyohiyo."

Akasikiliza. Nkirote aliisikia sauti ya Francis ikipanda kwenye simu, halafu ikashuka, ikawa sauti ya mwanamume anayetafuta pa kukaa.

"Hapana, Francis," Wairimu alisema. "Mama hajafa. Nimeongea naye asubuhi, alikuwa anakunywa chai. Ndiyo maana naenda sasa."